Usiku wa Joto Kisiwani: Kulala Vyema Bila Kuiacha Neti

Kila mwaka kuanzia Desemba hadi Aprili, malalamiko ya wakaazi wa kisiwa cha Mombasa huwa yale yale, kutoka Kibokoni hadi Tudor na kutoka Majengo hadi Ganjoni: usiku hakulaliki. Mtu hujigeuza kitandani, shuka hulowa jasho, mto hugeuzwa upande huu na ule. Ikifika saa nane za usiku, wengi hufanya jambo moja: huikunja neti na kuitupa juu, wapate hewa. Wengine huchukua mkeka wakalala barazani au juu ya paa.

Hapo ndipo joto linapogeuka kuwa suala la afya ya umma. Mtu aliyekosa usingizi huamka akiwa mzito, mwanafunzi husinzia darasani, na dereva wa tuktuk hushika usukani huku macho yakimfumba. Na aliyeiondoa neti kwa sababu ya joto amejiweka wazi kwa mbu wanaouma usiku, wale wanaoeneza malaria na vimelea vya matende na mabusha, maradhi yanayojulikana vyema hapa pwani.

Makala haya yanaeleza jinsi joto la chumba linavyoathiri usingizi, kwa nini usiku wa kisiwani haupoi haraka, na hatua ambazo familia inaweza kuchukua ili kulala vyema huku neti ikibaki mahali pake. Hatua nyingi hazina gharama au zina gharama ndogo.

MWILI HULALA KWA KUPOA

Mchana, joto la ndani ya mwili wa binadamu huwa karibu nyuzi 37 za Selsiasi. Jioni inapoingia, mwili huanza kulipunguza wenyewe. Mishipa ya damu ya mikononi na miguuni hupanuka, damu yenye joto huja karibu na ngozi, na joto hilo hutoka kwenda hewani. Ndiyo sababu viganja na nyayo za mtoto anayeanza kusinzia huwa na moto. Katika usiku mzima joto la ndani hushuka kwa takriban nyuzi 1, na hufikia kiwango cha chini kabisa karibu na alfajiri.

Kushuka huko ni sehemu ya usingizi wenyewe. Chumba kikiwa na joto jingi, joto la mwili halina pa kwenda. Mtu huchelewa kupata usingizi, huamka mara kwa mara, na hupungukiwa na sehemu mbili muhimu za usingizi: ule mzito, ambao huja zaidi katika saa za mwanzo za usiku na humrudishia mtu nguvu, na ule wa ndoto, ambao huongezeka kuelekea asubuhi na husaidia kumbukumbu na utulivu wa moyo. Kwa hiyo mtu anaweza kukaa kitandani saa nane na bado akaamka amechoka.

Watafiti waliochapisha matokeo yao mwaka 2022 katika jarida la One Earth walitumia vikuku vinavyopima usingizi vilivyovaliwa na watu zaidi ya 47,000 katika nchi 68. Waligundua kwamba kadiri joto la usiku linavyopanda, watu hulala kwa kuchelewa na kuamka mapema. Usiku ambao joto la nje lilizidi nyuzi 30, usingizi ulipungua kwa wastani wa zaidi kidogo ya dakika 14. Athari hiyo ilikuwa kubwa zaidi kwa wazee, kwa wanawake na kwa wakaazi wa nchi zenye kipato cha chini.

Dakika 14 zaweza kuonekana chache. Lakini huo ni wastani wa usiku mmoja, na zikirudiwa kwa mwezi mzima ni karibu saa saba, yaani usingizi wa usiku mmoja uliopotea. Mtu mzima anahitaji angalau saa 7 za usingizi kila siku, kijana wa umri wa miaka 13 hadi 18 saa 8 hadi 10, na mtoto wa umri wa miaka 6 hadi 12 saa 9 hadi 12.

KWA NINI USIKU WA KISIWANI HAUPOI

Mabaharia wa pwani wanazijua nyakati za mwaka kwa pepo zake. Kusi huvuma kutoka kusini mashariki kuanzia karibu Aprili, na Julai na Agosti ndiyo miezi ya ahueni: mchana huwa karibu nyuzi 28, na usiku hushuka hadi karibu nyuzi 20 au 21. Kaskazi huvuma kutoka kaskazini mashariki kuanzia Desemba, na huja na msimu wa joto. Ifikapo Februari na Machi mchana hufika nyuzi 32 au 33, na usiku hubaki karibu nyuzi 24 au 25.

Ugumu zaidi huja wakati wa maleleji, siku ambazo kaskazi imelegea na kusi bado haijashika. Joto lipo, lakini upepo hakuna. Ndizo siku ambazo hata majani ya mnazi hayatikisiki.

Yako mambo matatu yanayoufanya usiku wa hapa uwe mzito kuliko usiku wa bara. La kwanza ni bahari. Maji huhifadhi joto la mchana na kulitoa polepole, hivyo hewa inayozunguka kisiwa haipoi ghafla jua linapotua. La pili ni unyevu. Njia kuu ya mwili kupoa wakati wa joto ni jasho kukauka juu ya ngozi, na hewa iliyojaa unyevu hulikausha jasho kwa shida. Jasho linalotiririka bila kukauka halimpozi mtu. La tatu ni majengo yenyewe: kuta za mawe, sakafu za zege na barabara za lami hunywa joto la jua mchana kutwa, kisha hulitoa usiku wakati watu wamelala.

Kuna na chanzo cha nne ambacho wengi hawakihesabu, nacho ni watu. Mtu mzima aliyelala hutoa joto la takriban wati 75, sawa na ile balbu ya zamani ya kioo iliyokuwa ikichoma vidole. Chumba kidogo chenye watu wanne kimewashiwa balbu nne kama hizo usiku kucha. Jokofu na televisheni zikiwa chumbani humo humo, joto huzidi.

KIPIMO CHA NCHI BARIDI SI KIPIMO CHA MOMBASA

Ushauri unaosambaa sana ni kwamba chumba cha kulala kinafaa kuwa na nyuzi 16 hadi 19. Ushauri huo umetoka Ulaya na Amerika ya Kaskazini, ambako watu hulala na blanketi nzito na madirisha hufungwa kwa miezi kadhaa. Hapa kisiwani nje hakufiki nyuzi hizo hata Julai. Kuufuata kungemlazimu kila mkaazi kuwa na kiyoyozi na kukiacha kikiunguruma hadi asubuhi.

Mwili wa mtu aliyezoea joto hutoa jasho mapema na kwa wingi zaidi kuliko wa mgeni, na kulala na leso nyepesi si sawa na kulala chini ya blanketi. Kwa hivyo swali la mkaazi wa Mombasa lisiwe tu, "Chumba changu kina nyuzi ngapi?" Swali linalofaa zaidi ni, "Je, hewa inatembea juu ya mwili wangu nikiwa kitandani?" Hewa inayotembea kwa kasi ndogo tu, ya kutikisa karatasi, humfanya mtu ahisi ubaridi wa nyuzi 2 hadi 3 zaidi ya kilivyo chumba chenyewe, kwa sababu huondoa tabaka la hewa ya moto lililoshika ngozi na husaidia jasho kukauka.

NYUMBA ZA MJI WA KALE ZINAFUNDISHA NINI

Waliojenga Mji wa Kale walilijua jambo hilo kabla ya umeme. Mji umekaa upande wa mashariki wa kisiwa, ukitazama mlango wa bahari na Bandari ya Kale. Kaskazi na kusi zote mbili huja zikiwa na mkono wa mashariki, hivyo nyumba zinazotazama maji huupata upepo katika misimu yote miwili. Vichochoro ni vyembamba ili nyumba moja iitilie nyingine kivuli. Roshani za mbao zilizotokeza nje, kama zinavyoonekana Ndia Kuu, hukinga ukuta na jua na kumwezesha mtu kukaa penye upepo bila kuonekana.

Ndani, kuta ni za mawe ya matumbawe na chokaa, na dari hubebwa na boriti za mikoko. Urefu wa boriti ndio uliopima upana wa chumba, usiozidi sana mita 3, lakini kwenda juu chumba kiliachwa kirefu. Hewa ya moto hupanda juu, ikawaacha waliolala chini na hewa iliyo afadhali, kisha ikatoka kupitia matundu yaliyoachwa karibu na dari au juu ya milango. Madirisha marefu yalikuwa na mbao zilizopangwa kwa mshazari, zinazoruhusu upepo na kuzuia jua, mvua na macho ya wapita njia. Baadhi ya nyumba zina kiwanda cha ndani kilicho wazi juu, ambacho hutoa hewa ya moto kama bomba la moshi.

Ni muhimu kulielewa vyema somo hili. Watu husema kwamba nyumba za kale ni baridi kwa sababu kuta zake ni nene. Ukuta mnene huchelewesha joto la mchana, lakini haulifuti. Usiku hulirudisha ndani. Kilichoifanya nyumba hiyo ilalike ni matundu, urefu wa dari na njia ya upepo. Pindi matundu yanapozibwa, chumba kikikatwa mara mbili kwa ukuta wa mbao, dari ikishushwa na dirisha la mbao likibadilishwa kwa la alumini la kuteleza, ambalo hufunguka nusu tu, ule ukuta mnene hugeuka kuwa kama tanuri lililozimwa moto: halina ndimi za moto, lakini joto limo.

Katika mitaa ya Majengo, Sarigoi na Guraya, nyumba ya Kiswahili ina mpango wake: ukumbi katikati, vyumba kila upande, na uani nyuma. Mlango wa mbele na wa uani ikiwa wazi, upepo hupita ukumbini kama kwenye mfereji. Chumba hufaidika na upepo huo ikiwa tu kina dirisha la nje na tundu juu ya mlango wa ukumbini. Makuti yaliyoezeka nyumba hizi zamani yalizuia joto vyema. Mabati yaliyochukua nafasi yake ni imara zaidi na si rahisi kushika moto, lakini bila dari hupitisha joto la jua moja kwa moja hadi kitandani.

ZOEZI: PIMA CHUMBA CHAKO KWA USIKU TATU

Kabla ya kutumia pesa, fahamu tatizo liko wapi. Zoezi hili linahitaji uzi mwepesi wa cherehani wenye urefu wa shubiri moja, kijiti, na ikiwezekana kipimajoto cha chumba.

Usiku wa kwanza. Funga uzi kwenye kijiti. Saa nne za usiku, shika kijiti juu ya kitanda, kwenye usawa wa kifua cha mtu aliyelala, bila feni. Uzi ukitikisika, upepo wapo. Ukining'inia wima, hewa imesimama. Fungua mlango wa chumba kisha utazame tena. Uzi ukianza kucheza, tatizo la chumba ni kwamba hewa ina pa kuingilia lakini haina pa kutokea.

Usiku wa pili. Weka kiganja juu ya ukuta wa kila upande, kisha simama juu ya kiti imara uguse dari. Ukuta au dari yenye moto kuliko nyingine ndiyo inayopigwa na jua. Mara nyingi huwa ni ukuta wa magharibi, unaochomwa na jua la alasiri, au paa.

Usiku wa tatu. Rudia uzi, mara hii ukiwa ndani ya neti na feni ikiwa imewashwa. Uzi usipotikisika, feni inaupepea ukuta wala haimfikii mlalaji.

Mwenye kipimajoto aandike joto la ndani na la nje saa nne usiku na saa kumi alfajiri. Ndani kukizidi nje kwa nyuzi kadhaa, dawa ni kufungua na kutoa hewa. Ndani na nje zikiwa sawa, dawa ni feni.

HATUA ZISIZO NA GHARAMA

Zuia joto lisiingie mchana. Funga mbao au pazia za upande wenye jua, na uache wazi upande wenye kivuli. Magharibi jua likishatua, fungua pande zote. Pazia nzito zikusanywe kando usiku ili zisizuie upepo, na penye haja ya sitara tumia leso nyepesi isiyofika chini ya dirisha.

Pika mapema, na pika mbali. Jiko la mkaa linalowaka ukumbini hadi saa tatu usiku hupasha vyumba vyote. Anayekaanga mahamri alfajiri afanye hivyo uani, si karibu na mlango wa chumba cha watoto. Jiko la mkaa lisiingizwe chumbani kamwe, kwa kuwa hutoa gesi isiyo na rangi wala harufu inayoweza kuua watu wakiwa usingizini.

Oga kabla ya kulala kwa maji ya kawaida. Penye uhaba wa maji, ndoo nusu yatosha, au kuosha uso, shingo, mikono na miguu. Maji ya barafu hayasaidii kama wengi wanavyodhani: hubana mishipa ya ngozi, na joto hubaki ndani.

Usining'inize nguo mbichi chumbani. Shuka lililoloweshwa na kutundikwa dirishani hupoza hewa mahali pakavu kama Garissa au Lodwar. Mombasa hewa tayari ina unyevu mwingi, na shuka hilo huuongeza. Kinachofaa hapa ni kulowesha ngozi kidogo kwa kitambaa, kisha kuipepea kwa feni au kwa kipepeo cha ukindu.

Tazama kitanda chenyewe. Godoro la sponji hukumbatia mwili na kushika joto. Kitanda cha kamba walicholalia wazee kiliruhusu hewa kupita chini. Asiye nacho anaweza kutandika mkeka juu ya godoro, kisha shuka la pamba. Shuka na nguo za kulalia za nailoni hazinyonyi jasho, na heri zibadilishwe kwa pamba.

FENI NA KIYOYOZI

Feni haipozi chumba, humpoza mtu. Kuiacha ikizunguka katika chumba kisicho na mtu ni kupoteza tokeni. Chumba chenye dirisha moja kinaweza kutumia feni kwa njia mbili: jioni, ielekezwe nje ya dirisha kwa nusu saa ili isukume hewa ya moto nje huku mlango ukiwa wazi, wakati wa kulala, igeuzwe imwelekee mlalaji. Pangaboi za feni zifutwe vumbi mara kwa mara, maana vumbi na chumvi ya bahari hupunguza nguvu yake.

Hesabu ya umeme ni rahisi. Feni ya wati 60 ikiwaka saa 8 hutumia karibu nusu uniti kwa usiku, sawa na uniti 14.4 kwa siku 30. Kiyoyozi kinachovuta wastani wa wati 800 kwa saa hizo hizo hutumia uniti 6.4 kwa usiku, sawa na uniti 192 kwa siku 30. Hiyo ni zaidi ya mara 13. Familia ipige hesabu kwa bei ya uniti inayoonekana kwenye risiti yake ya tokeni kabla ya kwenda dukani.

Mwenye kiyoyozi anashauriwa akiweke kwenye nyuzi 25 hadi 27 na awashe feni pamoja nacho, badala ya kukishusha hadi 18. Akumbuke pia kwamba kiyoyozi huchukua joto la chumba na kulimwaga nje. Katika kichochoro cha Mji wa Kale, nje hapo ni dirishani mwa jirani. Mashine ipandishwe juu penye upepo, na maji yake yaelekezwe kwenye bomba yasimdondokee mpita njia.

NETI ISIACHWE

Ni kweli neti hupunguza upepo. Lakini zipo njia za kuupunguza uzito huo.

Kwanza, neti ya mraba inayofungwa pembe nne humwacha mlalaji na nafasi kubwa kuliko ile ya duara inayoning'inia kutoka sehemu moja na kumkaribia usoni. Ifungwe juu kadiri dari inavyoruhusu.

Pili, neti iliyojaa vumbi haipitishi hewa. Ioshwe kwa sabuni ya kawaida bila dawa ya kung'arisha, na ianikwe kivulini, kwa kuwa jua kali huharibu dawa iliyomo. Neti ya dawa imetengenezwa istahimili kuoshwa takriban mara 20 na kutumika kwa karibu miaka 3, hivyo haina haja ya kuoshwa kila wiki.

Tatu, feni ya kusimama iwekwe kando ya kitanda, karibu na neti, kwenye usawa wa mwili. Feni iliyo mbali hupoteza nguvu kabla ya kuvuka neti. Waya wake upitishwe mahali ambapo mtoto hatajikwaa.

Nne, penye uwezo, weka wavu wa mbu dirishani na kwenye tundu la juu ya mlango. Nyumba yenye wavu na nondo inaweza kulala madirisha wazi bila hofu ya mbu wala mwizi. Wavu nao upigwe brashi kila mwezi.

Anayelala barazani au juu ya paa naye anahitaji neti, na paa liwe na ukingo. Ifahamike pia kwamba mbu anayeeneza homa ya dengue, ambayo imewahi kuzuka Mombasa zaidi ya mara moja, huuma zaidi mchana na huzaliana katika maji safi yaliyotuama. Mitungi na mapipa ya maji yafunikwe wakati wote.

WANAOHITAJI UANGALIZI ZAIDI

Watoto wachanga. Desturi ya kumvika mtoto kofia, sweta na soksi hata Februari humweka hatarini. Kupata joto kupita kiasi ni mojawapo ya mambo yanayohusishwa na vifo vya ghafla vya watoto usingizini. Mguse kifuani au nyuma ya shingo. Pakiwa na moto na jasho, mpunguzie nguo. Alazwe chali, kichwa kikiwa wazi. Mtoto wa chini ya miezi sita anyonyeshwe mara nyingi zaidi siku za joto, bila kupewa maji. Aliyezaliwa kabla ya wakati afuatiwe maagizo ya muuguzi, kwa kuwa huhitaji kupashwa.

Wazee. Kadiri umri unavyokwenda, mtu huhisi kiu kidogo na hutoa jasho kidogo. Bibi au babu anaweza kuwa anaumia kwa joto bila kulalamika. Apewe chumba chenye upepo kuliko vyote, na aulizwe kila jioni kama amekunywa maji.

Wajawazito na wagonjwa. Baadhi ya dawa, zikiwemo zile za shinikizo la damu zinazoongeza mkojo, huufanya mwili uishiwe na maji haraka. Mgonjwa asiache dawa. Amuulize daktari namna ya kujilinda msimu wa joto.

Wakati wa Ramadhani. Ramadhani ya mwaka 2025 ilianza mwanzoni mwa Machi, na kwa kuwa kila mwaka husogea nyuma kwa takriban siku 11, bado iko katika msimu wa joto. Usiku hukatwa na tarawehe na daku. Aliyefunga anywe maji kidogo kidogo kuanzia futari hadi daku, na ajipatie usingizi mfupi wa adhuhuri, wa dakika 20 hadi 30, penye kivuli na upepo.

DALILI ZA HATARI

Kizunguzungu, kichwa kuuma, kichefuchefu na misuli kukaza ni dalili kwamba mwili umeelemewa. Mtu huyo apelekwe penye upepo, apunguziwe nguo, anyweshwe maji na apanguswe kwa kitambaa chenye maji. Akianza kuchanganyikiwa, kuzimia, kupata degedege, au mwili ukiwa moto mno, hiyo ni dharura. Aloweshwe maji na kupepewa bila kukoma akiwa njiani kupelekwa hospitali. Asinyweshwe chochote ikiwa hajitambui. Nambari za dharura ni 999 na 112.

KWA WENYE NYUMBA NA WAPANGAJI

Mji wa Kale ulitangazwa kuwa eneo la hifadhi mwaka 1990. Kabla ya kuziba tundu, kubadilisha dirisha, kuongeza ghorofa au kubomoa roshani, mwenye nyumba anapaswa kupata kibali kutoka ofisi ya hifadhi ya Mji wa Kale iliyo chini ya Makavazi ya Kitaifa ya Kenya, pamoja na idara ya mipango ya ujenzi ya kaunti. Masharti hayo yanalinda sura ya mji, na yanalinda pia njia za upepo ambazo wapangaji wanazitegemea kulala.

Kwingineko kisiwani, mwenye nyumba ya mabati anaweza kupunguza joto kwa mambo matatu: kupaka paa rangi nyeupe inayorudisha jua, kuweka dari na kuacha nafasi ya hewa kati yake na bati, na kufungua tundu lenye wavu juu ya kila mlango. Paa la zege nalo hupoa likipakwa chokaa nyeupe. Mwarobaini ukipandwa upande wa magharibi, baada ya miaka michache huutilia ukuta kivuli cha alasiri.

Mpangaji asiye na uwezo wa kubadilisha jengo anaweza kuanzia na ule uzi wa cherehani. Utamwonyesha mahali upepo unapopita chumbani mwake, na hapo ndipo kitanda kinapofaa kuwekwa, neti ikiwa juu yake.